Kindi si Mmoja

Miongoni mwa wanyama wa porini wanaofahamika kwa kila mwanafunzi, kindi ni mmoja wa walio wepesi kuonekana. Hapana haja ya kumfuata mbugani. Huonekana juu ya mwembe wa shule, kwenye ua wa zahanati, na katika mapaa ya nyumba zilizopakana na kichaka. Kwa sababu hiyo aghalabu hadhaniwi kuwa na jambo kubwa la kufundisha. Akitajwa darasani, hutajwa kwa sentensi moja tu: kindi ni mgugunaji akaaye mitini, mwenye mkia wa manyoya mengi. Kisha somo husonga mbele kwa simba na tembo.

Sentensi hiyo si ya uongo. Hata hivyo, upungufu wake huleta hasara. Humfanya mwanafunzi aamini kwamba duniani yuko kindi wa namna moja, na kwamba amwonapo yule wa bustanini amekwisha kuwaona wote. Imani hiyo, ijapokuwa ni ndogo, ina madhara katika hifadhi ya misitu, katika kilimo, na hata katika afya ya binadamu. Kwa hiyo hapana budi shule za sekondari ziache kumfundisha kindi kama mnyama mmoja, na zianze kumfundisha kama ukoo wa wanyama wengi, ambao kila mmoja wao ana mahali pake na kazi yake.

Ukubwa wa ukoo huo

Wataalamu wa wanyama huwaweka kindi katika familia iitwayo Sciuridae, yenye spishi zaidi ya 280. Spishi, kwa maana nyepesi, ni kundi la viumbe wawezao kuzaana wao kwa wao na kupata watoto ambao nao waweza kuzaa. Si wote wa familia hii wakaao mitini. Wako wachimbao mashimo ardhini, na wako wale wa Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini watelezao hewani kutoka mti hadi mti, kwa ngozi iliyotandazwa baina ya miguu ya mbele na ya nyuma. Makala haya yanawahusu hasa wale wa mitini.

Kindi wa mitini hupatikana kwa asili katika Afrika, Asia, Ulaya na Amerika zote mbili. Australia na Madagaska hazikuwa na kindi wa asili hata mmoja. Popote walipo, mwili wao hufuata kielelezo kimoja. Meno ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayakomi kukua, na hunolewa kila siku kwa kuguguna. Mkia huwasaidia kujiweka sawa wanapokimbia juu ya tawi jembamba. Kifundo cha mguu wa nyuma chaweza kugeuka hata kucha zikaelekea nyuma, na ndiyo maana kindi huweza kushuka mtini kichwa kikiwa chini, jambo ambalo paka hulishindwa. Kielelezo hiki ni cha kale sana. Mifupa ya kindi iliyochimbuliwa Amerika ya Kaskazini, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 36, inafanana mno na mifupa ya kindi wa mitini wa leo.

Lakini ndani ya kielelezo hicho kimoja zimo tofauti za kustaajabisha. Katika misitu ya Kameruni na Gabon yuko kindi kibete, Myosciurus pumilio, ambaye urefu wa kichwa na kiwiliwili chake ni sentimita 7 hivi, na uzito wake ni gramu 16, yaani sawa na maji ya vijiko vitatu vya chai. Katika misitu ya India yuko kindi mkubwa, Ratufa indica, ambaye uzito wake hukaribia kilo 2 na aruka masafa ya mita 6 kati ya mti na mti. Huyu ndiye mnyama wa nembo wa jimbo la Maharashtra. Katika Malaysia, Sumatra na Borneo yuko kindi mwenye mgongo mweusi, ubavu mweupe na tumbo jekundu. Mtu aliyezoea kindi wa kahawia wa bustani zetu za Afrika Mashariki angemwona huyo huenda asimtambue kuwa ni wa ukoo ule ule.

Kufanana nako kwaweza kudanganya. Katika misitu ya Afrika, ikiwemo ile ya Tanzania, yuko mnyama mwenye mkia wa manyoya atelezaye hewani usiku, ambaye wengi humdhania kuwa kindi. Huyo si kindi hata kidogo. Ni wa familia nyingine, Anomaluridae, inayotambulikana kwa magamba yaliyo chini ya mkia karibu na shina lake, ambayo humsaidia kushikilia gome la mti. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba kindi wa mitini wa Afrika wana undugu wa karibu zaidi na wale wakaao mashimoni kuliko walivyo na kindi wa mitini wa Ulaya, ijapokuwa kwa macho wanafanana zaidi na hao wa Ulaya. Jicho peke yake, basi, si mwalimu wa kutosha.

Msitu mmoja, kindi tisa

Huenda msomaji akauliza: kama wote hula mbegu na wote hupanda miti, tofauti hizo zina faida gani? Jibu lilipatikana katika msitu wa Gabon. Mtafiti Louise Emmons, kutoka Marekani, aliwachunguza kindi wa spishi tisa waliokuwa wakiishi katika eneo moja, na mwaka 1980 akachapisha matokeo yake. Kwa fikira za haraka, wanyama tisa wenye kazi moja wangepigania chakula hata wabakie wawili au watatu. Haikuwa hivyo, kwa kuwa kazi yao haikuwa moja.

Baadhi yao walitafuta chakula chini, juu ya majani makavu, wakaokota mbegu na wadudu. Wengine hawakushuka karibu kamwe, bali walikaa kwenye vilele vya miti mirefu. Mmoja alipendelea msitu unaofurika maji, na mwingine alikaa katika vichaka vilivyosongamana. Ukubwa wa mwili nao uligawa chakula: kindi mkubwa aliweza kuvunja kokwa ngumu ambazo mdogo hakuziweza, na yule kibete alikwangua magome ya miti. Hivyo msitu mmoja uligawanyika kama nyumba yenye vyumba vingi, na kila mpangaji akawa na chake.

Somo hapa ni wazi. Kumwondoa mmoja wa hao tisa si sawa na kupunguza idadi ya kindi. Ni kuacha chumba kimoja kitupu, na kazi iliyofanywa humo hukosa mwenye kuifanya.

Visiwa vilivyo nchi kavu

Ikiwa Gabon huonyesha jinsi kindi wengi wanavyokaa pamoja, milima huonyesha jinsi wanavyotengana hata wakawa mbalimbali. Mfano maarufu ni wa Grand Canyon, bonde la jimbo la Arizona nchini Marekani, ambalo kina chake chazidi kilomita moja na nusu. Ng'ambo ya kaskazini wako kindi wenye tumbo jeusi na mkia mweupe. Ng'ambo ya kusini wako ndugu zao wenye tumbo jeupe na mkia wa kijivu. Wote hutegemea misonobari ya aina moja, na wataalamu huwahesabu kuwa spishi moja, lakini kwa kutengwa kwa muda mrefu wamekwisha kuanza kuachana.

Afrika Mashariki na jirani zake zina mifano iliyofika mbali zaidi. Misitu ya milimani ni kama visiwa, ila havikuzungukwa na maji bali na nchi ya chini yenye joto na ukame. Katika milima ya Usambara yuko kindi Paraxerus vexillarius, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Katika misitu ya Rungwe na Poroto, na ng'ambo ya mpaka katika milima ya kaskazini ya Malawi, yuko Paraxerus lucifer, mwenye manyoya mekundu na weusi mgongoni. Katika Mlima Namuli, kaskazini mwa Msumbiji, yuko Paraxerus vincenti, ambaye nyumba yake ni mlima huo mmoja tu. Kwenye misitu ya pwani, kutoka Somalia hadi Afrika ya Kusini, yuko kindi mwekundu Paraxerus palliatus, ambaye yuko Unguja pia. Na yule anayeonekana sana katika bustani za Kenya na kaskazini mwa Tanzania ni Paraxerus ochraceus, ambaye hakuchagua sana mahali pa kukaa na hivyo amezoeana na watu.

Huenda pakatokea mtu wa kusema kwamba, ikiwa kutengana ndiko kulikoleta aina nyingi, basi kuukata msitu vipande vipande kutaleta nyingi zaidi. Hoja hiyo ni batili. Utengano wa asili ulichukua maelfu na maelfu ya miaka, na uliacha misitu mikubwa ya kutosha kulisha wanyama wengi kila upande. Shoka na moto hufanya kazi hiyo katika miaka michache, na huacha kipande kidogo chenye wanyama wachache wasio na njia ya kuwafikia wenzao. Wachache hao huzaana wenyewe kwa wenyewe, hudhoofika, na mwaka mmoja wa ukame au moto waweza kuwamaliza. Hiyo ndiyo hatari inayomkabili kindi wa Namuli, ambaye msitu wake umekuwa ukifyekwa kwa ajili ya mashamba ya viazi, naye amehesabiwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka.

Hasara ya jina moja

Kindi wa Namuli au wa Usambara akitoweka, ni nani atakayejua? Yule wa bustanini ataendelea kurukaruka juu ya mwembe. Mwanafunzi atamwona, mwalimu atamwona, na wote watasema kindi bado wako. Jina moja litakuwa limeuficha msiba.

Hili si jambo la kubuni. Lilitokea Uingereza. Mwaka 1876 mwenye shamba mmoja wa Cheshire aliwaachia huru kindi wa kijivu waliotoka Amerika ya Kaskazini, kwa ajili ya kupamba bustani. Watu wengine waliiga kwa miaka mingi. Kindi wa asili wa nchi hiyo ni mwekundu na mdogo. Yule mgeni ni mzito zaidi, na tumbo lake huhimili vizuri zaidi mbegu za mwaloni zenye tanini. Tena alikuja na kirusi cha ndui ya kindi, ambacho yeye mwenyewe hakimdhuru sana, lakini humuua yule mwekundu katika muda wa majuma machache. Mwaka 1937 sheria ilipiga marufuku kuingiza na kufuga kindi wa kijivu, lakini muda ulikuwa umekwisha kupita. Leo wa kijivu ni zaidi ya milioni mbili, na wekundu wametoweka katika sehemu kubwa ya England na Wales. Wengi wa waliosalia wako Scotland. Kwa mtu asemaye tu kwamba kindi ni kindi, bustani za London hazikupungukiwa na kitu.

Hasara ya pili ni ya mkulima. Katika sehemu za Kenya, mnyama achimbuaye mbegu za mahindi mara zipandwapo ni Xerus erythropus, mwenye mstari mweupe ubavuni, ambaye hukaa shimoni na hakai mtini. Kiswahili kina maneno kindi, kuchakuro na kidiri, lakini katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hushika nafasi ya mwenziwe kwa urahisi, hata mhalifu na asiye na hatia wakaitwa jina moja. Mkulima ategaye mitego msituni kwa kosa lililofanywa na mkaa shimoni huua bure, na mahindi yake huendelea kuliwa.

Hasara ya tatu ni ya afya. Ugonjwa uliojulikana kwa muda mrefu kama ndui ya nyani, na ambao tangu mwaka 2022 huitwa mpox, ulipewa jina lake la kwanza kwa sababu kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1958 katika nyani wa maabara huko Denmark. Binadamu wa kwanza kujulikana kuugua alipatikana mwaka 1970 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina hilo liliyaelekeza macho ya watu kwa nyani. Lakini mwaka 1985, katika nchi hiyo hiyo, kirusi hicho kilipatikana kwa mara ya kwanza katika mnyama wa porini, naye alikuwa kindi wa spishi Funisciurus anerythrus. Mganga na mtafiti wa magonjwa hawatosheki na habari kwamba mgonjwa alimgusa kindi. Huhitaji kujua ni kindi yupi, kwa kuwa kila spishi ina mahali pake, chakula chake na njia yake ya kukutana na watu.

Pingamizi na jibu lake

Walimu wengine watasema, na wana haki ya kusema, kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu, saa ni chache, na majina ya Kilatini ni mzigo kwa vijana. Watauliza pia ni kwa nini taifa lenye mahitaji mengi lishughulike na wanyama wa gramu mia chache.

Kwa swali la kwanza, hakuna anayetaka wanafunzi wakariri spishi 280. Kinachotakiwa ni tabia ya kuuliza maswali matatu kila wamwonapo mnyama: huyu ni yupi, anaishi wapi, na anafanya nini hapo? Maswali hayo hayana gharama, nayo ndiyo mwanzo wa elimu ya viumbe.

Kwa swali la pili, uko mfano wa Mlima Graham, pia katika Arizona. Juu ya mlima huo liko kundi la kindi wekundu wa Amerika lililotengwa na wenzao. Kindi wekundu wa Amerika kwa jumla ni wengi sana katika bara hilo, na kama wangehesabiwa kwa jina moja, hakuna ambaye angejali habari za mlima mmoja. Lakini hao wa Mlima Graham walitambuliwa na kupewa jina lao wenyewe, na mwaka 1987 wakawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Kwa kuwa wana jina, huhesabiwa kila mwaka. Mwaka 2017 moto mkubwa ulipouteketeza msitu wao, hesabu ilionyesha kwamba wamebaki 35 tu. Habari hiyo iliwezesha hatua kuchukuliwa mapema, na tangu hapo idadi yao imepanda tena. Kisichokuwa na jina hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiwezi kuokolewa kwa wakati.

Kazi ya shule

Yafaa basi kila shule ya sekondari ianze na miti yake yenyewe. Wanafunzi wawe na daftari moja la darasa, ambamo wataandika tarehe, saa, aina ya mti, rangi ya mgongo na tumbo, mistari kama ipo, chakula kilicholiwa, na kama mnyama alikuwa juu mtini au ardhini. Wawaulize wazee majina ya kindi katika lugha za mahali hapo, kwa maana wawindaji na wakulima wa zamani mara nyingi walitofautisha kwa majina wanyama ambao shule imewachanganya. Wasiwakamate, wala wasiwaguse waliokufa, kwa sababu za afya zilizokwisha kutajwa. Baada ya mwaka mmoja, daftari la shule ya Lushoto liwekwe kando ya daftari la shule ya Tukuyu na la shule ya Unguja. Tofauti zitakazoonekana zitafundisha maana ya spishi na mazingira kuliko kurasa nyingi za kukariri.

Watunga mitihani nao wana sehemu yao. Swali lisemalo "Taja sifa tatu za kindi" lingeweza kuwa: "Eleza kwa nini kindi wa mlimani aweza kutoweka ilhali kindi wa bustanini anaongezeka." Swali la kwanza hupima kumbukumbu. La pili hupima kama mwanafunzi ameielewa nchi anayoishi.

Misitu ya Usambara, Rungwe na pwani itakuwa mikononi mwa wanafunzi wa leo muda si mrefu. Baadhi yao watakuwa mabwana misitu, wengine madaktari, na wengi watakuwa wakulima wanaopakana na misitu hiyo. Wakitoka shuleni wakiwa wanajua kwamba kindi si mmoja, watakuwa na sababu ya kumtazama vema yule aliye mbele yao kabla ya kusema kwamba wengine wako wengi.